Kibiriti: maswali mnayouliza sana, na majibu yake

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa skuli, wateja wa dukani na wazee wa barazani. Mengine ni ya kemia, mengine ya historia, na mengine ni ya jikoni tu. Sikuyapanga kwa cheo. Ukitaka la masika, teremka chini.

Nani hasa aligundua kibiriti?

Jibu la haraka ni John Walker, muuza dawa wa Stockton-on-Tees, kaskazini mashariki ya Uingereza. Mwaka 1826 alikuwa akikoroga klorati ya potasiamu, sulfidi ya antimoni na gundi. Mchanganyiko ukaganda kwenye ncha ya kijiti alichokorogea, na alipokikwaruza kwenye jiwe la mekoni kikawaka. Daftari lake la dukani linaonyesha mauzo ya kwanza tarehe 7 Aprili 1827, kwa mwanasheria wa mji huo aliyeitwa Hixon. Vijiti viliuzwa pamoja na kipande cha msasa kilichokunjwa: unakitia kijiti ndani ya mkunjo, unabana kwa vidole, kisha unakivuta kwa nguvu. Mara nyingine kiliwaka, mara nyingine kichwa kilichomoka kikaangukia zulia kikiwa kinawaka.

Walker hakujisumbua kusajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi peke yake. Samuel Jones wa London akaiga, akaviuza kwa jina la Lucifers, na faida akaila yeye.

Lakini ukiniuliza mimi, kibiriti ulichonacho jikoni leo si cha Walker. Yeye aliweka moto wote kwenye kichwa cha njiti, kwa hiyo kilichohitajika ni mkwaruzo tu, popote pale. Kibiriti chetu kimeugawa moto: nusu iko kwenye njiti, nusu iko ubavuni mwa kisanduku, na mpaka vikutane hakuna kinachowaka. Wazo hilo ni la Gustaf Erik Pasch wa Sweden, aliyelisajili mwaka 1844. Sifa kubwa nampa huyu, ingawa hakutajirika.

Kabla ya kibiriti watu wa visiwani Zanzibar waliwashaje moto?

Jibu la kwanza ni kwamba hawakuuacha ukazimika. Usiku makaa yalifukiwa majivuni, na alfajiri yakafukuliwa na kupulizwa. Kumbi la nazi likishashika moto hufuka polepole kwa saa nyingi bila kutoa ndimi, na ndiyo maana lilifaa kuhifadhia moto na kuuhamisha. Nyumba ambayo moto wake umekufa ilimtuma mtoto kwa jirani na kifuu, akatiliwa kaa, akarudi mbio akilipulizia njiani.

Kuuanzisha moto upya kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupekecha: kijiti kigumu kinazungushwa baina ya viganja juu ya ubao laini mpaka unga wa mbao ufuke. Wanaodhani ni kazi rahisi wajaribu mwezi wa Aprili. Ya pili ni jiwe la gumegume na chuma, ile ile iliyokuwa ikilipua baruti kwenye bunduki za gumegume zilizojaa pwani hii karne ya 19. Cheche inaangukia kitu kikavu chepesi, unapuliza, unaomba Mungu.

Wazungu nao walitumia nini kabla ya Walker?

Gumegume na chuma vile vile, kwa karne nyingi. Halafu wakaja na vitu vya kutisha. Mwaka 1805 Jean Chancel wa Paris alitengeneza vijiti vyenye klorati, salfa, sukari na mpira kichwani. Ili kuwasha, unachovya kijiti kwenye kichupa cha asidi ya salfuriki. Fikiria mtu anatembea na kichupa cha asidi mfukoni.

Baadaye, Walker akiwa ameshaanza kuuza vyake, kikatoka kibiriti chenye tone la asidi ndani ya kitembe kidogo cha kioo, kimevingirishwa karatasi yenye klorati. Ukikivunja kitembe, karatasi inawaka. Watu walikivunja kwa koleo, na wengine kwa meno. Charles Darwin alipokuwa Uruguay alikuwa akiviuma mbele ya wenyeji, nao wakistaajabu kumwona mtu anawasha moto kwa meno.

Ni kweli kwamba kiwashio ni cha zamani kuliko kibiriti?

Kweli. Mwaka 1823 Johann Wolfgang Döbereiner, mwanakemia wa Ujerumani, alitengeneza taa ambamo zinki na asidi vilitoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikigusa platini inawaka yenyewe. Ilikuwa chombo cha kuweka mezani, lakini ni kiwashio. Kwa hiyo kibiriti cha gesi unachonunua dukani kina babu aliyemtangulia Walker kwa miaka mitatu.

Mwalimu alisema vibiriti vya zamani vilikuwa na sumu. Sumu gani?

Fosforasi nyeupe. Elementi hiyo iligunduliwa Hamburg mwaka 1669 na Hennig Brand, aliyekuwa akitafuta dhahabu kwa kuchemsha mikojo. Hakupata dhahabu, alipata kitu kama nta kinachong'aa gizani. Mwaka 1830 hivi Charles Sauria wa Ufaransa akaitia kwenye kichwa cha njiti, na kibiriti kikawa kinawaka kwa kukwaruzwa kidogo tu, iwe ukutani, kwenye soli ya kiatu au kwenye suruali.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu linatuhusu. Fosforasi nyeupe ikiwa wazi hewani huweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 30 hivi. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, mchana wa Unguja hufika 32 au 33. Kitu ambacho Stockholm kinakaa rafuni miezi yote ya baridi, hapa kingeweza kuwaka chenyewe juu ya meza. Ndiyo maana maabara huihifadhi ndani ya maji.

Na ni sumu kali. Kisanduku kimoja cha vibiriti vya aina hiyo kilikuwa na kiasi cha kutosha kumuua mtu mzima. Lakini walioumia zaidi ni waliovitengeneza.

Ugonjwa wa taya ulikuwaje?

Wafanyakazi, wengi wao wanawake na wasichana, walishinda viwandani wakivuta mvuke wa fosforasi na kula chakula chao hapo hapo walipofanyia kazi. Huanza kama jino linalouma. Ufizi unavimba, usaha unatoka, halafu mfupa wa taya wenyewe unaanza kuoza. Daktari hakuwa na dawa ila kuukata mfupa. Aliyechelewa alikufa.

London, Julai 1888, wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha Bryant & May waligoma. Wiki mbili hivi nyuma mwandishi Annie Besant alikuwa ameandika gazetini kuhusu ujira wao mdogo na faini walizokatwa kwa makosa ya kipuuzi. Kampuni ilitaka wafanyakazi wakanushe maandishi yale, wakakataa. Mfanyakazi mmoja alipofukuzwa, wenzake wakaweka zana chini. Baada ya wiki mbili hivi wakashinda: faini zikafutwa, na wakakubaliwa chumba mbali cha kulia, wasile tena penye fosforasi. Fosforasi nyeupe yenyewe haikuondoka kiwandani hapo mpaka mwaka 1901.

Finland iliipiga marufuku mwaka 1872 na Denmark mwaka 1874. Mkataba wa kimataifa ulitiwa saini Bern mwaka 1906, na Uingereza, iliyojivuna sana kwa sheria zake, ilisubiri mpaka mwisho wa 1910. Kibiriti salama, kile kilichougawa moto, kilikuwepo tangu miaka ya 1850. Hakuna aliyekosa ujuzi. Fosforasi nyeupe ilikuwa rahisi kwa bei, basi.

Hicho kibiriti salama kilipatikanaje, kama Pasch hakutajirika?

Wazo la Pasch lilikuwa ghali kulitengeneza. Njia ilifunguka baada ya Anton von Schrötter wa Vienna kuonyesha kwamba fosforasi nyeupe ikipashwa moto pasipo hewa hugeuka nyekundu, na hiyo nyekundu haina sumu ile wala haiwaki ovyo. Inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 240. Mwaka 1851 Arthur Albright wa Uingereza alianza kuitengeneza kwa wingi. Ndugu wawili wa Jönköping, Sweden, Johan Edvard na Carl Frans Lundström, wakaipaka ubavuni mwa kisanduku, na mwaka 1855 wakapata tuzo kwenye maonyesho ya Paris. Tokea hapo Sweden ikawa ndiyo kwao kibiriti.

Njiti inapowaka, nini hasa kinatokea?

Chukua njiti moja uitazame vizuri kabla ya kuipiga. Kichwani mna klorati ya potasiamu, salfa kidogo, unga wa kioo, rangi na gundi. Fosforasi hamna. Ubavuni, ule mstari wa rangi ya hudhurungi, ndiko iliko fosforasi nyekundu, pamoja na unga mwingine wa kioo wa kuongeza ukwaruzo.

Ukipiga, kioo kinakwaruza kioo na joto linapanda. Chembe ndogo sana ya fosforasi nyekundu inageuka na kuwaka. Ukipiga gizani utaziona cheche zake kwenye mstari wenyewe, kabla ya njiti kushika. Cheche hiyo inaigusa klorati, ambayo kazi yake ni kutoa oksijeni, na kwa oksijeni hiyo salfa inalipuka kwa sauti ya "shwaa" unayoijua. Moto huo wa kwanza ni mkali lakini wa muda mfupi. Kama ungegusa mti mtupu, ungezimika. Kwa hiyo karibu na kichwa njiti imechovywa nta. Nta inayeyuka, inatoa mvuke, mvuke unawaka, na huo ndio unaoushika mti.

Ipulize sasa. Angalia: hakuna kaa jekundu linalobaki, ncha ni nyeusi tu na moshi. Hiyo si bahati. Njiti nzuri huloweshwa dawa ya fosfeti ya amonia ili mti usibaki ukifuka. Aliyewahi kusimama karibu na kibanda kinachochomwa Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa anajua makuti makavu yanavyoshika, na ataelewa kwa nini hili ni jambo kubwa kwenye nyumba ya makuti. Vibiriti vya bei ya chini sana wakati mwingine havina dawa hiyo. Jaribu kimoja ukinunua: ukipuliza kikabaki na kaa, kikanyage au kitie majini kabla ya kukitupa.

Kwa nini vibiriti vinagoma wakati wa masika?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na watu humlaumu mwenye duka. Mara nyingi hana kosa.

Gundi ya kichwani hunywa maji ya hewani. Ikishalainika, ukipiga njiti kichwa kinapukutika au kinaacha mchirizi kama chaki. Mstari wa ubavuni nao unalainika, karatasi inavimba, na badala ya kukwaruza unaufuta. Mtu akiona hivyo huongeza nguvu, na hapo ndipo anapoumaliza kabisa: njiti zimejaa, pa kupigia hapapo. Kwenye unyevu kinachokufa mwanzo ni ubavu, na ndio wa kuulinda.

La kufanya ni kutokiweka kibiriti jikoni kando ya chungu, wala dirishani panapopiga manyunyu. Kitie kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, na mchele mkavu kidogo chini. Kikishapata unyevu, kitoe kisanduku kwenye jua la asubuhi, njiti zikiwa zimetandazwa na ubavu ukiangalia juu. Usizianike juu ya bati la moto wala pembeni mwa seredani. Kuna mtu hapa mtaani aliweka kisanduku juu ya kifuniko cha sufuria "kikauke," na kikakauka kwa njia ambayo hakuitaka.

Na ile ya kusugua njiti kwenye nywele? Kama unyevu ni mdogo na nywele ni kavu, inasaidia kidogo. Kama umepaka mafuta ya nazi, umeimaliza njiti hiyo.

Ukifika wakati njiti ni kavu lakini ubavu umelowa, piga kwa kuelekea mbali na mwili, kwa pembe ndogo na mkwaruzo mrefu mmoja, mahali ambapo hapajapigwa. Mikwaruzo mifupi mifupi inachimba shimo tu.

Mbona nimemwona mtu akiwasha njiti kwenye kioo?

Inawezekana. Ukisugua kwa nguvu na kasi kwenye kitu laini kama kioo, joto la msuguano peke yake linaweza kutosha kuwasha klorati na salfa bila fosforasi. Ni mchezo wa barazani, si njia ya kuwashia jiko.

Vile vya sinema, vinavyowaka kwenye kiatu, bado vipo?

Vipo nchi nyingine. Havina fosforasi nyeupe tena. Vina ncha yenye sesikwisulfidi ya fosforasi, yaani fosforasi iliyoungana na salfa, iliyoletwa na Wafaransa Sévène na Cahen mwaka 1898. Madukani kwetu ni vya salama tu, na afadhali.

Ni kweli kuna mtu aliwahi kumiliki vibiriti vya dunia nzima?

Karibu. Ivar Kreuger wa Sweden aliunganisha viwanda vya nchi yake mwaka 1917, kisha akawa anazikopesha serikali zilizofilisika baada ya vita, na badala ya mkopo anapewa haki ya peke yake ya kuuza vibiriti katika nchi hiyo. Ujerumani ilichukua dola milioni 125 kwa mpango huo. Hesabu zake zilikuwa zimejaa uongo, na Machi 1932 alikutwa amekufa kwa risasi Paris. Kampuni ziliporomoka lakini mikataba iliishi: Wajerumani walibaki na ukiritimba wa vibiriti mpaka mwaka 1983. Hebu pima, kitu cha senti.

Vibiriti vya madukani kwetu vinatoka wapi?

Soma kisanduku. Kwa miaka mingi vya Moshi, vyenye jina la Kibo, ndivyo vilivyozoeleka Tanzania. Vingine vinatoka Kenya, na vingine vinaingia kutoka nje, India ikiwemo. India kitovu chake ni Sivakasi, huko Tamil Nadu, mji mkavu usio na mvua nyingi, na ukisoma lile jibu la masika utaelewa kwa nini ukavu ule ni mtaji.

Siku hizi kuna gesi na umeme. Nani bado anahitaji kibiriti?

Waulize watu wa Unguja waliokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, halafu tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika. Pemba walikuwa na majenereta yao, wakawa wanatupigia simu kutupa pole. Mshumaa hauwashwi kwa simu iliyokwisha chaji.

Mbali na hayo, mvuvi wa dagaa mwenye karabai anahitaji kibiriti, na mwenye seredani, na mwenye chetezo.

Nikiwashia udi kwa kibiriti harufu inaharibika. Nifanyeje?

Harufu ile kali ya mwanzo ni salfa inayoungua. Piga njiti mbali na chetezo, ngoja kichwa kiishe kuungua na moto ushuke kwenye mti, ndipo uwashe kaa. Kaa likishakuwa jekundu lote na moshi wake umekwisha, weka udi. Wanaotia udi mapema wanafukiza mkaa.

Na chooni? Watu wanasema njiti moja inaondoa harufu.

Haiondoi. Harufu ya salfa inaifunika ile nyingine. Fungua dirisha.

Jiko la gesi niwashe vipi kwa kibiriti?

Njiti kwanza, gesi baadaye. Washa njiti, isogeze kwenye jiko, ndipo ufungue. Anayefungua gesi kisha akaanza kutafuta kibiriti kwenye mfuko wa kanzu anaijaza gesi jikoni, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: inatambaa sakafuni, inakaa pembeni, haitoki kwa dirisha la juu. Majiko ya Mji Mkongwe, madogo na yasiyopitisha upepo, ni ya kuogopwa zaidi. Ukisikia harufu ya gesi, usipige kibiriti wala usiguse swichi. Funga mtungi, fungua milango, toka nje.

Watoto wanakwangua vichwa vya njiti kutengenezea fataki za Sikukuu. Ni hatari?

Ndiyo, na si kidogo. Klorati ikibanwa ndani ya chuma haijali kwamba unacheza. Na wakikwangua ubavu wakachanganya na vichwa, wamerudisha pamoja vitu viwili ambavyo Pasch alivitenga kwa makusudi. Mchanganyiko huo hulipuka kwa kuguswa tu, ukiwa bado mkononi. Vidole na macho ndivyo vinavyoondoka. Wanyang'anyeni.

Mtoto ametafuna njiti. Nimpeleke hospitali?

Akilamba kichwa kimoja cha kibiriti salama, kwa kawaida hapati madhara makubwa. Msafishe kinywa na mwangalie. Akila vingi ni jambo jingine, kwa sababu klorati huharibu damu isibebe oksijeni. Ukiona midomo au kucha zinageuka rangi ya buluu, anahema kwa shida au anatapika, usingoje kesho. Chukua na kisanduku chenyewe umwonyeshe daktari.

Naruhusiwa kupanda ndege na kibiriti?

Kwa kanuni za kawaida za ndege, abiria anaruhusiwa kisanduku kimoja kidogo cha kibiriti salama, mwilini mwake, si kwenye begi analokabidhi. Vile vya kuwaka popote haviruhusiwi kabisa. Baadhi ya nchi na mashirika ni wakali zaidi, kwa hiyo uliza kabla ya kufika uwanjani.